Baiskeli Isiyotoka Chumbani

Baiskeli ya chumbani ni ile ile ya barabarani, ila imefungwa nyuma kwenye mashine inayoipa miguu kazi bila kumsogeza mwendeshaji hata hatua moja. Mashine hupima nguvu ya miguu na kutuma namba kwenye simu, kishikwambi au kompyuta. Huko programu huigeuza namba kuwa safari. Mtu wa kuchorwa huonekana kwenye kioo akipanda mlima, akipishana na wengine walio vyumbani mwao Osaka, Bogotá au Nairobi. Mwendeshaji akikaza, mtu huyo hukaza. Akilegea, huachwa nyuma.

Mchezo huu ni mtoto wa baridi. Kaskazini mwa Ulaya na katika sehemu kubwa ya Marekani na Kanada, mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni, barabara hushika barafu, na aliyejijenga miguu kiangazi chote hujikuta na miezi kadhaa ya kukaa bure. Zamani alijifungia na rola, yaani mitungi mitatu iliyolala sambamba. Baiskeli iliwekwa juu yake bila kufungwa popote, na mtu alipiga pedali huku akiomba asidondoke. Mbio za rola ziliwahi hata kufanyika jukwaani kwenye kumbi za starehe, watazamaji wakifuata mishale ya saa kubwa kujua nani yuko mbele. Miaka ya 1980 kampuni ya RacerMate ya Seattle ilitoa CompuTrainer, mashine iliyoweza kuunganishwa na mchezo wa Nintendo. Kisha mwaka 2012 ikaja KICKR ya kampuni ya Wahoo, ambayo programu iliweza kuiamuru iongeze au ipunguze uzito wa kusukuma. Miaka miwili baadaye, California, programu ya Zwift ilianza kufanyiwa majaribio, na Oktoba 2015 ikaanza kutoza ada. Hadi hapo, wengi waliofunga baiskeli ndani walikuwa wakitazama ukuta.

Walioudharau mchezo huu walipata jibu mwaka 2016. Mwisho wa Februari mwaka huo, Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono kwenye mashindano ya Omloop Het Nieuwsblad nchini Ubelgiji. Zilikuwa zimebaki wiki sita tu kabla ya Paris–Roubaix, mbio za mawe na vumbi ambazo alikuwa amezishiriki mara nyingi bila kushinda. Barabarani hakuweza kwenda, lakini miguu yake ilikuwa mizima. Alifunga baiskeli kwenye mashine nyumbani na kufanya mazoezi kwenye Zwift. Tarehe 10 Aprili, ndani ya uwanja wa Roubaix, alimpita Tom Boonen, aliyekuwa akitafuta ushindi wa tano, na kuchukua ubingwa.

Ulipokuja ugonjwa wa korona na kufunga barabara, kilichokuwa mazoezi kikawa mashindano kamili. Desemba 2020 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, liliandaa mbio za kwanza za ubingwa wa dunia wa aina hii, kila mshindani akiwa kwake. Kwa wanawake alishinda Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini. Kwa wanaume alishinda Mjerumani Jason Osborne, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga makasia, na mwaka uliofuata akapata medali ya fedha ya makasia kwenye Olimpiki ya Tokyo. Jay Vine wa Australia naye aliingia timu ya kulipwa kwa kushinda mchujo wa Zwift, na mwaka 2022 akashinda hatua mbili za mbio za Uhispania, Vuelta. Mashine, kwa hiyo, haidanganyi kuhusu nguvu ya miguu. Isichofundisha ni kukata kona, kushika breki penye mchanga na kukaa katikati ya kundi la watu 100 bila kumgusa mtu.

Afrika Mashariki haina theluji ya kumfungia mtu ndani, lakini ina sababu zake. Karibu na ikweta giza huingia saa moja jioni mwaka mzima, wakati ambao mfanyakazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala bado yuko kwenye foleni, na kuendesha gizani kati ya malori, daladala na bodaboda ni kuhatarisha uhai. Muscat na Dubai adui ni jua, kwani kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 40, na chumba chenye kiyoyozi huwa ndiyo barabara pekee ya saa hizo.

Anayeanza huuliza kwanza programu ipi ni bora. Swali hilo linafaa liwe la mwisho. Mashine ndiyo inayoamua programu itaweza kufanya nini, na chumba ndicho kinachoamua kama baiskeli itaendeshwa au itaanikiwa nguo.

Mashine za bei ya chini ni zile ambazo gurudumu la nyuma hubaki mahali pake na kukandamizwa kwenye kirola kidogo kinacholeta ukinzani kwa sumaku au kwa mafuta mazito. Hizo humfaa anayejaribu, lakini zina tabia zake. Tairi huteleza na kulika, ile yenye meno ya baiskeli ya milimani hupiga kelele kama mashine ya kusaga, na upepo wa tairi ukipungua kidogo vipimo hubadilika. Nyingi hazipimi nguvu kabisa. Mwendeshaji hufunga kihisio cha mwendo kwenye gurudumu, na programu hukisia nguvu kutokana na kasi. Kwa mazoezi ya kujilinganisha na wewe wa jana, makisio hayo yanatosha. Kwa mashindano hayatoshi.

Aina ya pili hutaka gurudumu la nyuma litolewe kabisa, na baiskeli ipachikwe moja kwa moja kwenye mashine iliyofungwa gia zake yenyewe. Ndani yake mna gurudumu zito la chuma linalohifadhi mwendo, ili mguu usihisi kama unakanyaga matope kila pedali inapofika juu. Nzuri kati ya hizi hupima nguvu kwa kosa lisilozidi asilimia 1 au 2, hazina kelele nyingi, na hubadilisha ukinzani zenyewe kufuata mwinuko unaoonekana kwenye kioo. Mtaani mashine za namna hii huitwa janja, kama simu. Kabla ya kununua, mambo mawili yakaguliwe, ikibidi mbele ya fundi. La kwanza ni ekseli, kwa kuwa baiskeli za kisasa zenye breki za diski huwa na ekseli nene ya kupenya, na za zamani zina ile ya kukaza kwa mkono. La pili ni idadi ya gia za nyuma. Baiskeli ya gia 8 haipatani na mashine iliyofungwa gia 12. Siku hizi zipo mashine zenye gia moja tu, ambapo kubadilisha gia hufanywa kwa vitufe kwenye usukani na mashine yenyewe ikaongeza au kupunguza uzito, na ugomvi huu wa hesabu ukaisha. Zile baiskeli ngumu za kubebea mizigo, ambazo Kenya huitwa black mamba, hazikuundwa kwa kazi hii na ni bora zikaachwa ziendelee kubeba maziwa na mkaa.

Umeme nao una neno lake. Mashine nyingi za aina ya pili hutegemea umeme wa ukutani. Ukikatika katikati ya mlima, ukinzani hutoweka na miguu huzunguka kwenye hewa. Tacx Neo ya Uholanzi ni kati ya chache zinazojizalishia umeme kwa pedali. Penye mgao wa umeme, sifa hiyo ina thamani kuliko urembo wowote wa kwenye kioo.

Kuhusu chumba, jambo kubwa ni joto, na waanzaji wengi hushindwa hapo bila kujua kilichowashinda. Mwili wa binadamu hugeuza takribani robo tu ya nishati unayotumia kuwa kazi ya pedali. Inayobaki ni joto. Anayetoa wati 200 kwenye pedali hutoa pia joto la wati 600 au zaidi, na kwa mantiki hiyo chumba chake kina kitu kinachokaribia pasi iliyowashwa. Barabarani joto hilo huchukuliwa na upepo wa mwendo wake mwenyewe. Ndani hakuna upepo. Jasho hutiririka bila kukauka, damu hukimbilia kwenye ngozi kuupoza mwili, mapigo ya moyo hupanda, na nguvu hushuka hata kama miguu haijachoka. Pangaboi la darini halitoshi. Panatakiwa feni kubwa ya kusimama, iliyoelekezwa kifuani kwa karibu, na dirisha liwe wazi. Kwenye unyevu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, saa 11 alfajiri ni saa bora kuliko saa moja jioni, kwa sababu alfajiri kuta zimeshatema joto la mchana. Ikiwa bajeti inaruhusu kitu kimoja tu zaidi ya mashine, kiwe feni.

Jasho lina chumvi, na chumvi hula chuma. Taulo hutandikwa juu ya usukani na bomba la juu la fremu, na baada ya mazoezi baiskeli hupanguswa kwa kitambaa chenye maji safi, hasa skrubu za usukani na sehemu unakoingia uma wa mbele. Kuna fremu zilizoharibika hapo huku mwenyewe akijisifu kwamba baiskeli yake haijawahi kunyeshewa. Chini ya mashine huwekwa mkeka mzito wa mpira. Unalinda sakafu, na katika nyumba ya ghorofa unamlinda jirani wa chini, ambaye hasikii sauti bali mtetemo. Chupa mbili za maji kwa saa moja si nyingi. Kwa mazoezi marefu, chumvi kidogo na sukari ndani ya maji hufanya kazi, na dafu lililo baridi halidharauliwi.

Kuunganisha mashine na programu hufanywa kwa njia mbili zisizo na waya, Bluetooth na ANT+. Simu na kompyuta nyingi zina ya kwanza. Ya pili mara nyingi huhitaji kifaa kidogo cha kuchomeka. Tofauti yao huwasumbua watu wengi kuliko inavyostahili. ANT+ hutangaza kama redio, na kila aliye karibu hupokea. Kwenye mashine nyingi Bluetooth hushikana na kifaa kimoja tu kwa wakati. Ndiyo maana kompyuta huapa kwamba haioni mashine, kumbe simu iliyo mfukoni imeishika tangu asubuhi. Dawa ni kuzima programu ya mashine kwenye simu, kisha kutafuta upya. Mashine zinazotaka kusawazishwa husawazishwa baada ya dakika 10 za kupasha moto. Mtu hupandisha kasi hadi programu imwambie aache, kisha hukaa kimya na kuiacha mashine izunguke hadi isimame yenyewe.

Kisha namba. Programu zote hujengwa juu ya wati na uzito wa mwili. Tambarare, mwenye wati nyingi huenda mbele. Mlimani, mwenye wati nyingi kwa kila kilo ndiye mshindi. Kwa hiyo uzito unaoandikwa kwenye programu uwe ule wa mizani, maana kupunguza kilo 5 kwa kidole ni udanganyifu ule ule wa kukata njia kwenye marathoni. Kuna aliyefika mbali zaidi. Mshindi wa ubingwa wa Uingereza wa mchezo huu wa mwaka 2019 alivuliwa taji na kufungiwa miezi sita, kwa kuwa baiskeli ya kuchorwa aliyoitumia, ambayo ilitakiwa ipatikane kwa kupanda mita 50,000, alikuwa ameipata kwa kuiachia programu ya kompyuta ijifanye inapiga pedali.

Kipimo cha msingi ni nguvu ambayo mtu anaweza kuishikilia kwa takribani saa moja, ambayo waendeshaji hupenda kuitaja kwa herufi za Kiingereza FTP. Haipimwi kwa saa nzima. Mtu huendesha dakika 20 kwa nguvu zake zote zilizopangwa vizuri, kisha wastani wake huzidishwa kwa 0.95. Aliyetoa wastani wa wati 220 anahesabiwa 209. Njia nyingine ni ngazi, ambapo uzito huongezeka kila dakika mpaka miguu ikatae, kisha huchukuliwa asilimia 75 ya dakika bora. Mwanzaji afadhali aanze na ngazi, kwa sababu kugawa nguvu kwa dakika 20 ni ujuzi ambao bado hana. Mwinuko wa mahali pia huingia kwenye hesabu. Iten, nchini Kenya, iko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwendeshaji yule yule hutoa wati chache zaidi kuliko akiwa Mombasa. Mlima wa kwenye kioo hauna habari hiyo. Aliye Mombasa anaupanda akipumua hewa nzito ya pwani, na aliye Iten anaanza chini akiwa tayari amepunguziwa.

Upande wa mazoezi yaliyopangwa kuna hali ambayo mashine hushikilia wati zilizoagizwa bila kujali gia wala kasi. Programu ikisema 180, itakuwa 180. Hali hiyo ina mtego. Miguu ikipunguza mizunguko, mashine huongeza ukinzani ili wati zisishuke, mizunguko hupungua zaidi, ukinzani huongezeka tena, na ndani ya sekunde chache pedali zimesimama kama zimegandishwa. Anayehisi hivyo asisukume kwa hasira. Aache, asubiri ukinzani uachie, aanze upya kwa mizunguko ya haraka. Katika safari za kawaida kwenye Zwift, mpangilio unaoamua miinuko ihisiwe kwa kiasi gani huja ukiwa katikati, kwenye asilimia 50, na wengi hudhani hapo wanapunjwa mazoezi. Hawapunjwi. Mpangilio huo hubadilisha gia zitakazohitajika tu. Wati za kufika juu ni zile zile.

Sasa programu. Swali linalofaa ni mtu anakosa nini akiwa chumbani peke yake: wenzake, barabara au mwalimu.

Anayekosa wenzake huenda Zwift. Humo mna dunia ya kubuni iitwayo Watopia na nakala za London, New York na kwingineko, na karibu kila saa kuna kundi linaloondoka. Kujikinga upepo nyuma ya mwingine kunafanya kazi kama barabarani. Mlima wake maarufu, Alpe du Zwift, umenakili kona 21 za Alpe d'Huez ya Ufaransa na hupanda zaidi ya mita 1,000. Ada yake Marekani ilipandishwa mwaka 2024 hadi dola 19.99 kwa mwezi, na kwa mshahara wa kawaida wa Afrika Mashariki hiyo ni fedha ya kufikiriwa mara mbili. Faida isiyotangazwa ni kwamba dunia yote hupakuliwa mara moja, kwa gigabaiti kadhaa, na baada ya hapo safari hutuma na kupokea namba tu, hivyo bando haliliwi sana. Masasisho ndiyo hula.

Anayekosa barabara yenyewe hupata Rouvy, kampuni ya Jamhuri ya Cheki. Huonyesha video za njia halisi, na mtu wa kuchorwa huwekwa juu yake. Anayejiandaa kwa mlima fulani wa Ulaya anaweza kuujua kona kwa kona kabla hajakata tiketi ya ndege. Video ina bei yake kwenye bando, ingawa njia zinaweza kupakuliwa mapema kwa intaneti ya ofisini.

Anayekosa mwalimu hana haja ya mandhari. TrainerRoad ya Nevada humwonyesha mchoro wa mstari na kazi ya leo, basi. Haina miti wala umati, na simu ya kawaida huimudu. SYSTM ya Wahoo, iliyotokana na The Sufferfest, huchanganya mazoezi ya namna hiyo na video. Anayeshindwa kujituma asipotazamwa, hizi zitamchosha akili kabla ya miguu.

Imebaki MyWhoosh, ya Falme za Kiarabu. Ina dunia zake, mashindano yake yenye zawadi za fedha na mipango ya mazoezi, na haitozi ada yoyote. Mwaka 2024 UCI ilihamishia huko ubingwa wa dunia, na fainali ikafanyika Abu Dhabi, washindani wakiwa ukumbini pamoja. Osborne, yule mpiga makasia, aliutwaa tena. Michoro yake hutaka kompyuta au kishikwambi chenye nguvu, na makundi yake si makubwa kama ya Zwift. Lakini mwenye mashine janja na feni hana sababu ya kulipa ada mwezi wa kwanza. Aanze na MyWhoosh, apime FTP yake, aendeshe mara tatu kwa wiki. Ada ya Zwift atailipa siku atakapoona anawahitaji wenzake zaidi.